Akiba ya chama cha omena: laini ya mweka hazina au akaunti?

NyarDunga: Hamjambo wote. Tuko akina mama 15, tunaanika na kuuza omena (dagaa wa Ziwa Victoria) hapa Dunga, Kisumu. Kila mmoja huweka shilingi 100 kwa siku, kwa M-Pesa ya mweka hazina. Uvuvi wa omena ukifungwa Aprili hadi Julai, wengi wanaingilia mikopo ya simu. Tubadilishe nini?

HesabuSafi: Anzeni na laini ya simu. Pesa iliyo kwa jina la mtu, akifariki mtaigombania na warithi wake. Jisajilini kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10. Mkipata cheti, fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, pesa isitoke bila wawili. Kisha michango itumwe moja kwa moja huko. Daftari la karatasi libaki, lisomwe kila mkutano.

NamLolwe: Mimi naona shida ni hiyo 100. Omena huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti vizuri, mzigo unapungua, na mtu anakopa ili aweke akiba! Kateni kwa gorogoro (kopo la kupimia): shilingi 5 kwa kila moja inayouzwa. Anayeuza 20 kwa siku, siku 18 za giza, ana 1,800 kwa mwezi. Agosti hadi Machi ni 14,400; ukigawa kwa miezi minne ya kufungwa, 3,600 kila mwezi. Na mpimie gorogoro moja, isiyobonyezwa kitako.

NyarDunga: Asante, lakini 3,600 ni unga tu, karo je?

NamLolwe: Kweli dada, haitoshi. Pandisheni bei ya mzigo. Msianike mchangani: omena wenye mchanga huishia kwa chakula cha kuku. Tengenezeni chanja za wavu zinazofika kiunoni, mtandaze tabaka nyembamba, turubai iwe karibu. Wakinyeshewa kabla ya kukauka, wanaoza.

HesabuSafi: Na mkopo wa simu wa asilimia 7.5 kwa siku 30: ukikopa 3,000 mara nne, ada peke yake ni 900. Afadhali mkopeshane wenyewe, lakini isizidi nusu ya akiba, na yote irudi kufikia katikati ya Machi. La sivyo Aprili mtagawana daftari.

Mteja_Mkali: Nyongeza: mnunuzi akionyesha ujumbe wa malipo, angalieni salio kwanza. Ujumbe wa kubuni ni rahisi kutuma.