Mistari mitatu myeusi, halafu eti "kwani wewe ulikuwepo?"

Fundi_wa_Bombo

Wakubwa, hamjambo. Huyu mtu simtaji, mnamjua. Yule yule anayesaini jina lake chini ya bawa kwa herufi kubwa kuliko namba ya ndege. Jioni hii katoa ngozi, yaani picha ya rangi ya kuivika ndege ya simulata, ya Spitfire Mk IX, ndege ya kivita ya Waingereza, eti ya kutua Normandy, Juni 1944. Izungushe kidogo tu kwenye skrini. Mistari ya utambulisho mitano, sawa. Mitatu myeusi, miwili myeupe.

Mitatu myeusi, banange!

Kaambiwa kwa adabu, na "ssebo" juu yake, kwamba kageuza: ni nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Jibu lake mbele ya kundi zima: "Kwani wewe ulikuwepo?"

Kwani daktari wa malaria lazima awe mbu?

Mistari ile haikuwa pambo la harusi. Julai 1943 kule Sisilia wapiga mizinga wa Washirika walitungua ndege zao wenyewe zilizobeba askari, 23 usiku mmoja. Ndiyo maana mwaka uliofuata amri ikatoka: kila ndege ya injini moja au mbili ipakwe alama ambayo hata askari mwenye usingizi ataitambua akiwa chini. Za injini nne ziliachwa. Kazi ikafanywa siku chache tu kabla ya tarehe 6, mbio mbio, kwa brashi, ndiyo maana kwenye picha za zamani kingo zimepindapinda. Yeye kazinyoosha kama kivuko cha Jinja Road. Tena kivuko kilichogeuzwa! Pundamilia wa Ziwa Mburo wakiiona ile ndege watadhani ni ndugu yao kafiwa.

Na vipimo havina uchawi. Inchi 18 kila mstari kwa ndege ya injini moja, 24 kwa ya injini mbili. Mitano ya Spitfire ni inchi 90, yaani mita 2.29. Hata rula huhitaji: nembo ya duara ubavuni ina kipenyo cha inchi 36, kwa hiyo mstari ni nusu ya nembo. Nembo yako kwenye faili ina pikseli 400? Mstari 200, yote mitano 1000. Mtoto wa P4 anaiweza hiyo. Mstari wa nyuma kabisa unaishia inchi 18 kabla ya ukingo wa mbele wa bawa la mkia, ili ule mkanda wa rangi iitwayo Sky, nao inchi 18, ubaki na nafasi yake. Yeye mkanda kaufuta. Halafu mmoja wa ile mistari yake mitatu ya msiba kaupitisha juu ya nembo, wakati amri ilisema wazi nembo isifunikwe.

Mitatu myeusi. "Kwani wewe ulikuwepo?"

Na usukani wa mkia! Kauchubua rangi mpaka bati linang'aa kama sufuria mpya ya Katwe. Usukani wa Spitfire ni KITAMBAA. Kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Kitambaa kinachubuka kikatoa bati? Chubua pale miguu na mikono inapogusa: mzizi wa bawa upande wa mlango wa rubani, vifuniko vya injini kwenye skrubu, vifuniko vya bunduki juu ya bawa. Basi. Ndege za vita hazikuwa chuma chakavu, nyingi hazikuishi muda wa kutosha kuchakaa hivyo.

Ubavu wa kulia ndio kichekesho. Kapaka wa kushoto, kaunakili, kaupindua. Herufi za kikosi nazo zikapinduka, zinasomeka kinyume kama jina lililoandikwa mbele ya ambulansi. Mabaka ya kijani na kijivu ya Waingereza hayafanani kushoto na kulia, ramani ilikuwa moja kwa ndege nzima, unaichora kutoka juu halafu unaishusha ubavuni.

Lakini hayo yote ningesamehe. Yote! Angesema tu "asante, nitarekebisha." Yeye: "Kwani wewe ulikuwepo?" Mitatu myeusi!

Propela_Jinja

Sasa Fundi, tuambie ukweli. Ulikuwepo?

Nyabo_Pikseli

😂😂 Bambi mwacheni, presha itapanda.

Ila Fundi umepiga kelele kuhusu mistari ukaacha kosa baya zaidi. Ile faili ilihifadhiwa kwanza kama JPEG ndipo ikageuzwa DDS, muundo wa picha ambao simulata inausoma. Vuteni karibu kwenye herufi, mtaona vumbi la vijisanduku pembeni mwa kila herufi. JPEG inakula kingo kali, na ngozi ya ndege ni kingo kali tupu. Kwenye Gimp, programu ya kuchorea, unafanya kazi ndani ya XCF, faili yake yenyewe, mpaka mwisho, halafu unatoa DDS mara moja tu: mbano wa BC3 kama kuna alfa (uwazi), na uweke alama kwenye mipmapu, zile nakala ndogo za picha za kutazamwa kwa mbali. Bila mipmapu mistari ya bati inametameta kama nsenene kwenye taa ukiwa mbali.

Na mpangilio wa leya! Rangi chini, mistari juu ya rangi, herufi, ndipo leya ya ribiti na viungo vya bati juu ya vyote kwa hali ya kuzidisha (Multiply). Yeye kaweka mistari juu kabisa, ribiti zikazama. Mkia umekuwa laini kama ndizi iliyomenywa.

Mkongwe_wa_Arua

Kwenye kipimo cha rangi cha 0 mpaka 255, nyeusi yake ni 0 na nyeupe yake ni 255. Hilo nalo mmeliruka. Simulata inaongeza mwanga wake yenyewe, kwa hiyo nyeusi tupu inakuwa shimo na nyeupe tupu inawaka kama taa ya boda. Nyeusi isishuke chini ya 30, nyeupe isipande juu ya 240, na kwa rangi ya vita iliyopakwa kwa haraka 220 inatosha.

Fundi_wa_Bombo

Asante mzee wangu. Na ni MITATU.

Mkongwe_wa_Arua

Tumesikia kijana.

Kaka_Sky

Hata wewe Fundi picha yako ya wasifu ina koni ya propela ya bluu. Sky si bluu ya anga! Ni ukijani uliopauka, kama maji ya matooke. Jina linadanganya kila mtu. Toa mhimili kwenye jicho lako kwanza.

Fundi_wa_Bombo

Hiyo picha ni ya zamani.

Propela_Jinja

Kwani picha ilikuwepo? 😂

Dereva_Ntinda

Samahani wakubwa, mimi nimeipakua hiyo hiyo ya pundamilia, nimeiweka folda ya Community ya Microsoft Flight Simulator, ndege haibadiliki kabisa. Naona ile ya kiwandani tu.

Nyabo_Pikseli

Shukuru Mungu ssebo, simulata yako ina akili.

Tatizo ni layout.json. Ile faili inaorodhesha kila faili ya kifurushi na ukubwa wake kwa baiti. Faili isiyoorodheshwa simulata haiisomi, ni kama haipo. Yeye kaongeza picha baadaye bila kuitengeneza upya. Chukua programu ndogo ya MSFSLayoutGenerator, buruta layout.json uidondoshe juu yake, ifunge simulata, ifungue tena. Ikikataa bado, angalia base_container ndani ya aircraft.cfg: lazima itaje jina la folda ya ndege ya asili, herufi kwa herufi.

Dereva_Ntinda

Webale nyabo! Imekubali. Lakini sasa inang'aa sana, kama imepakwa samli.

Nyabo_Pikseli

Hiyo ni faili ya COMP, picha inayoiambia simulata ndege ing'ae vipi. Nyekundu ni vivuli, kijani ni ukwaruzo, bluu ni uchuma. Rangi ya vita haikung'aa, kwa hiyo kijani kiwe juu, bluu iwe sifuri, isipokuwa pale bati lilipochubuka. Nadhani kaacha ile ya ndege ya maonyesho.

Babu_FSX

Nyie wa kisasa mna matatizo ya kisasa. Sisi wa FSX, simulata ya zamani: nakili folda ya texture, ipe jina, ongeza [fltsim.N] kwenye aircraft.cfg, kwisha. Ila namba zifuatane! Ukiruka kutoka 3 kwenda 5, ya 5 haionekani. Na "title" mbili, yaani majina ya ndege, zisifanane. Na picha inahifadhiwa miguu juu kichwa chini, usiponipindua utaona mlango wa rubani tumboni.

Kaka_Sky

"Usiponipindua"? Babu, nani akupindue?

Babu_FSX

Usipoipindua. Simu hii.

Mkongwe_wa_Arua

Basi na mimi nina langu, maana uzi umeshafunguka. Wapakaji wa Mustang, ile ndege ya kivita ya Wamarekani. P-51D mabawa yake mnayang'arisha kama kioo cha saluni. Bawa la Mustang kiwandani lilizibwa viungo kwa pati, likasuguliwa, likapakwa rangi ya fedha, ili hewa ipite laini. Mwili ndio bati tupu. Kwa hiyo bawa ni kijivu kilichofifia, mwili ndio unaong'aa, na ukitazama vizuri lazima uone tofauti. Nimefungua ngozi kumi, zote bawa la kioo. Kumi! Hakuna aliyefungua uzi.

Fundi_wa_Bombo

Mzee, hii ni mada ya mistari.

Mkongwe_wa_Arua

Mustang nayo ilikuwa na mistari. Mitatu myeupe.

Afande_Pancha

Mnapigana kuhusu Normandy, na hapa kwetu hakuna hata mmoja aliyepaka vizuri MiG-21 ya Entebbe, 1976. Ya kwetu! Kilomita arobaini tu kutoka Kampala.

Propela_Jinja

Hiyo rahisi afande. Baada ya usiku ule Waisraeli walipozilipua, chukua brashi ya masizi, paka ndege nzima.

Afande_Pancha

Mjinga wewe. 😂

Kaka_Sky

Na mwambieni yule wa "ulikuwepo" kwamba Uganda ilikuwepo. Meli ya kivita HMS Uganda ilipigwa na bomu la Wajerumani lililoongozwa kwa redio pale Salerno, Septemba 1943.

Fundi_wa_Bombo

NDIYO! Sasa nikamjibu hivyo?

Kaka_Sky

Hapana, meli haina mistari.

Dereva_Ntinda

Jamani swali lingine. Laptopu yangu ina kadi ya picha ya giga 2. Nikiweka ngozi tatu za Spitfire kwa pamoja inakwama, feni inalia kama jenereta.

Nyabo_Pikseli

Angalia ukubwa. Picha ya 4096 kwa 4096 isiyobanwa ni megabaiti 64. Ikibanwa BC3 au BC7 inabaki 16, na mipmapu kama 21. Spitfire moja ina picha tatu nne za mwili, kila moja na COMP yake na ya ribiti. Piga hesabu mwenyewe. Ishushe iwe 2048, inakuwa robo. Kwa skrini ya laptopu hutaona tofauti ila kwenye herufi ndogo za onyo.

Babu_FSX

Na uhifadhi kila dakika tano. Juzi umeme ulikatika watu wakiwa kwenye leya ya arobaini.

Afande_Pancha

Huku kwetu umerudi saa hii hii. Wa Kawempe mnao?

Propela_Jinja

Kawempe giza. Niko kwa betri asilimia 11, nasoma uzi wa mistari.

Fundi_wa_Bombo

Kwa hiyo hakuna anayemwambia?

Dereva_Ntinda

Nyabo, nimeshusha 2048, sasa ina kasi. Ila usukani bado una bati. Naondoaje?

Nyabo_Pikseli

Fungua COMP, chagua eneo la usukani, jaza bluu sifuri. Kisha albedo, ile picha ya rangi yenyewe, funika michubuko kwa kijani cha pembeni. Ukiwa hapo hapo, geuza na mistari.

Dereva_Ntinda

Nigeuze iwe vipi?