Tupeane uzoefu: kozi ya uandishi chuoni ilikubadilisha vipi?

Mjukuu wa Njoro
Hamjambo wote. Wikendi hii nilikuwa nahama hapa Nakuru, kutoka Section 58 kwenda Lanet, na kwenye katoni ya vitabu nikakuta insha yangu ya kwanza ya chuo. Kurasa nne za kalamu, alama 11 kwa 30. Pembeni mhadhiri hakuandika "kosa" wala "rudia". Aliandika maneno mawili tu, mara saba: Nani anasema?

Mjue mimi nilitoka shule ya upili nikiwa simba wa insha. Karatasi ya 102/1, ile ya insha ya Kiswahili kwenye mtihani wa KCSE, nilikuwa naisubiri kama sikukuu: insha mbili, kila moja alama 20 na maneno yasiyopungua 400, ya kwanza ya lazima, ya pili unajichagulia. Nilikuwa na daftari zima la misamiati ya kukariri. Jua halikuwahi kuchomoza kwangu bila "matlai". Kila methali ilitanguliwa na wahenga na wahenguzi, na mpaka leo sijui hao wahenguzi ni akina nani.

Basi mwaka wa kwanza, kwenye Stadi za Mawasiliano, ndiyo hiyo kozi ya uandishi, tukaambiwa tuandike kuhusu tatizo moja la kwetu. Nikachagua kupanda kwa maji ya Ziwa Nakuru. Nikaanza na jua, nikaleta methali, nikasema "watu wengi wameathirika sana" na "wataalamu wanasema". Nani anasema?

Nilienda ofisini kwake nimevimba. Akaniuliza kama nimewahi kufika Mwariki, kando ya hilo ziwa. Kutoka kwetu ni nauli ndogo tu ya bodaboda, na sikuwa nimewahi kwenda kuyatazama hayo maji. Nikaenda. Mzee mmoja akanionyesha kwa fimbo: pale penye mti mkavu palikuwa zizi, pale penye nguzo palikuwa choo. Rasimu ya pili ikaanza na ile fimbo.

Lakini kilichonitoa jasho zaidi ni kusoma. Makala moja ililaumu mvua, nyingine ukataji wa Msitu wa Mau na udongo unaoletwa na mito, ya tatu ikataja nyufa za miamba chini ya Bonde la Ufa. Zamani ningezikoroga zote kwenye aya moja kama githeri. Sasa ikabidi niulize nani anambishia nani, na ana ushahidi gani. Nikaanza kusoma na penseli mkononi, nikigombana na mwandishi pembeni mwa ukurasa. Rasimu ya tatu ilipata 21. Nyinyi je?

Nyar Kisumo
Kaka, hao wahenguzi wamenichekesha hadi mteja akaniuliza kuna nini. Mimi niliingia chuo nikiwa na miaka 36, masomo ya jioni hapa Kisumu, mchana niko soko la Kibuye nauza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Nilikuwa nikiwaza kwa Dholuo, natafsiri kwa Kiswahili, halafu naandika Kiingereza. Ikifika kwenye karatasi, hoja imechoka safari.

Kazi ya kwanza nilipata sifuri ya heshima, yaani mhadhiri aliandika "njoo tuongee". Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akasema, basi niandikie omena. Niliona kama ananidharau. Chuo chote hiki, karo yote hii, nikaandike omena?

Nikaandika. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane, na miezi hiyo mimi huishi kwa madeni. Nikamwaga hasira kurasa tatu. Alinirudishia na ombi moja: ongeza ukurasa wa yule anayetaka ziwa lifungwe, na umwandike jinsi yeye mwenyewe angejisemea, usimfanye mjinga. Huo ukurasa mmoja ulinichukua wiki mbili. Nilisoma, nikaenda ufuoni Dunga kuuliza wavuvi wazee, na nilipomaliza nilijikasirikia maana huyo mtu alikuwa na hoja. Bado nilibaki upande wangu, lakini nilianza kudai kitu kingine: kama mnafunga, tusaidieni tule nini ile miezi minne.

Na kusoma, acha niwape dawa yangu. Nikimaliza ukurasa nafunga kitabu, namwambia jirani yangu wa meza, kwa Dholuo, ukurasa ule umesema nini. Nikishindwa, basi sijasoma, nimepitisha macho tu. Yule mama wa nyanya amesoma shahada yangu nusu nzima bila kulipa karo.

Mwana wa Mulembe
Mulembe. Naona mlibahatika kupata wahadhiri wanaosoma kazi zenu. Sisi tulikuwa zaidi ya 400 kwenye ukumbi mmoja, wengine madirishani. Noti zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Ukikosa kipindi unanunua fotokopi getini na hupungukiwi na chochote. Muhula mzima tuliandika mara moja tu, siku ya mtihani. Kwa hiyo hiyo kozi hainidai.

Nilichojua nilikipata hosteli. Tulikuwa watano, tunabadilishana rasimu. Sheria yetu ilikuwa moja: usimsahihishie mwenzako sarufi, weka alama pale uliposinzia. Mara ya kwanza yangu ilirudi na alama ya usingizi kwenye mstari wa tatu. Watu wanne tofauti, mstari ule ule! Kalamu nyekundu haijawahi kuniuma hivyo.

Kalamu ya Kukodi
Mimi nitasema ukweli, mnisamehe. Kuanzia 2015 hadi mwisho wa 2022 nilikuwa nakaa Migosi, Kisumu, naandikia wanafunzi wa Marekani kazi zao. Wanaojua wanajua, ploti haikukosa komredi ambaye taa yake haizimwi, kwa sababu usiku wetu ndio mchana wao. Mwenye akaunti ya mtandaoni iliyopokea hizo kazi alinilipa shilingi 250 kwa ukurasa. Yeye alibaki na ngapi, sikuuliza.

Kazi nyingi zilikuwa za kozi yao ya utunzi ya mwaka wa kwanza. Huko vyuo vingi humtaka mwanafunzi akusanye kazi zake za muhula kwenye jalada moja, na mbele aweke barua ya kueleza amekua vipi kama msomaji na mwandishi. Sasa nifikirieni mimi, sufuria ya ugali iko jikoni, naandika "mwanzoni nilikuwa naogopa ukurasa mtupu" kwa niaba ya kijana ambaye sijui hata sura yake. Nilimkuza. Nikampa bibi aliyemsimulia hadithi, nikampa mhadhiri mkali, nikampa rasimu moja aliyoirarua kwa machozi. Mteja akaridhika, akaleta rafiki zake wanne. Wote nikawakuza.

Ufundi niliupata, siwezi kukana. Nipe makala ya kurasa 20, baada ya dakika kumi nitakwambia kiini chake na pale inapochechemea. Lakini 2018 baba alifariki, nikaambiwa kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa familia, niandike wasifu wa marehemu usomwe siku ya mazishi. Nilikaa na laptopu hadi majogoo. Kila sentensi iliyotoka ilikuwa ya mteja: laini, imenyooka, haimjui mtu yeyote. Dada yangu akaja na chai, akaniuliza, "Baba akikasirika alikuwa anasema nini?" Alikuwa anasema, "Haya, endeleeni, nyumba ni yenu." Hiyo ndiyo ikawa sentensi yangu ya kwanza, na nadhani ilikuwa ya kwanza kweli tangu niingie chuo.

ChatGPT ilipokuja, maagizo yakakauka. Sikulia sana. Nililia kodi ya nyumba tu.

Mwalimu wa Kanduyi
Poleni na hongereni. Mimi nafundisha kozi hiyo hiyo. Mjukuu wa Njoro, lile "Nani anasema?" hata mimi naliandika, na si busara, ni uchovu. Karatasi ziko 180, nikieleza kwa kirefu kila mahali tutafika muhula unaofuata. Mara nyingi sijui limemfikia nani. Leo nimejua limefika angalau Mwariki.

Kalamu ya Kukodi, hizo barua za kukua nazipata hapa pia, siku hizi zimeandikwa na akili unde na wote wamekua kwa namna moja. Nimeanza kuwaandikisha rasimu ya kwanza darasani, kwa mkono, dakika 40, kuhusu kitu walichokiona asubuhi ile wakija. Wengi huandika kuhusu umuhimu wa elimu. Wiki jana msichana mmoja ameniletea aya tatu za bodaboda aliyebeba mlango.

Mjukuu wa Njoro
Mwalimu, huyo wa mlango alipata ngapi?

Mwalimu wa Kanduyi
Bado sijampa. Nimemwandikia pembeni: mlango ulikuwa wa nani?