Amefuta boneti kwa leso mbele ya macho yangu. MARA MBILI

Fundi wa Bereko (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa bado na grisi mikononi, na nisiposema leo nitapasuka.

Yule bwana mnamjua. Sitamtaja, wala hana haja ya kutajwa. Yule wa kofia pana, anayepokea kila msafara wa magari ya kale unaokatiza nchi hii, anayewahi mbele ya kila kamera, anayeongea na fundi huku akitazama mlima ulio nyuma ya fundi. Huyo huyo. Leo amefuta boneti kwa leso.

Msafara umetoka Ulaya, unashuka Cape Town. Njia yao mnaijua: Moyale, Nairobi, Namanga, Arusha, kisha Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa, Mbeya, Tunduma. Wazee wastaafu na wake zao, magari yaliyozaliwa kabla ya baba yangu, namba kubwa mlangoni. Sina ubaya nao hata chembe. Nayapenda yale magari kuliko chakula. Nikisikia mlio wao barabarani naacha kazi ya mteja injini ikiwa wazi, na mteja akinuna anune.

Sasa saa nane mchana, jua la kupasua mawe, kwenye mlima wa kupandisha Bereko, nakuta Volvo Amazon ya bluu imezima. Injini ni B18, ukoo mmoja na ile iliyokuwa kwenye Volvo PV544 ya Joginder Singh, yule dereva wa Kenya, aliposhinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1965. Mwenye gari mzee mpole, jasho linamtiririka. Mkewe kakaa kwenye jiwe na kitabu cha njia mapajani. Na yule bwana ameshafungua kabureta zote mbili, skrubu zimezagaa juu ya gazeti, anatoa mhadhara kuhusu jeti, vile vitundu vya kabureta vya kupitishia petroli.

Jeti! Gari imepanda mlima kwa gia ya pili, pampu ya mafuta imebanana na injini ya moto, inaokwa, petroli inachemka humo ndani, pampu inavuta mvuke badala ya mafuta, na yeye anaongelea jeti! Kijana wangu wa gereji, ambaye juzi kaweka oili kwenye rejeta, angelijua hilo akiwa usingizini.

Nikamwamkia shikamoo, maana ni mtu mzima. Kimya. Nikaomba maji kwa mama. Nikachana tambara, nikaliloweka, nikaizungushia pampu, nikaimwagia maji pamoja na bomba la petroli linalopanda juu. Wakati inapoa nikarudishia kabureta alizotawanya yeye, skrubu moja nimeiokota chini ya tairi. Nikamwambia mzee apige stata. Ya kwanza ikakohoa. Ya pili ikashika, ikatulia, mama akapiga makofi.

Nikaweka kiganja juu ya boneti. Kiganja tu, kusikia kama inamisi, yaani inaruka mapigo, ndivyo alivyonifundisha fundi wangu. Yule bwana akachomoa leso, nyeupe, imepigwa pasi, akauondoa mkono wangu kwa vidole viwili kama anatoa mjusi kwenye mchuzi, akapafuta. Akaitazama leso. AKAFUTA TENA. Kisha akamwambia mzee kwa Kiingereza, akidhani sisikii, kwamba hawa wamezoea Noah na Probox, asiwaache wagusegase.

Mara ya kwanza ningesema vumbi. Ile ya pili ni ya nini? Ya pili ilikuwa yangu mimi!

Mwaka 1907, kwenye yale mashindano ya magari ya Peking hadi Paris, gurudumu la mbao la Itala, gari ya Prince Borghese wa Italia, lilivunjika huko Urusi. Aliyelitengeneza ni fundi wa kijijini, kwa shoka. Na Itala ikafika Paris ya kwanza tarehe 10 Agosti. Joginder mwenyewe alikuwa fundi kabla hajawa bingwa. Hii michezo yote imebebwa na watu wenye mikono michafu, halafu mtu anakuja na leso ya pasi! Angekuwa na dawa ya kuua wadudu angenipulizia. Angekuwa na helikopta angenitupa Kolo.

Nina hasira wakuu.

Mzee wa Mombo

Pole sana fundi. Huyo kwangu alikataa chai kwa sababu kikombe kilikuwa cha plastiki. Kisha akaomba maji, akayanawia miguu.

Chuma Chakavu

Umelipwa au hujalipwa? Leso hailiwi na ugali.

Fundi wa Bereko

Mzee amenilipa vizuri na akanishika mkono, mkono huo huo wenye grisi, na hakujifuta popote. Sidai hela. Nazungumzia leso. Mkuu, alifuta mara mbili.

Dada wa Tegeta

Nimesoma uzi wote natafuta tusi, nakuta leso. Mwanaume mzima unajaza ukurasa kwa sababu gari ya watu imefutwa? Mikono ya mafuta kwenye rangi ya bluu, ningekufuta hata wewe.

Kipara Singida

Dada umeua 😂😂 Fundi nenda kanywe maji ya baridi, nawe umepata joto kama hiyo pampu.

Fundi wa Bereko

Dada, kiganja kilikuwa kisafi, nilikuwa nimeshajipangusa kwenye suruali. Na aliondoa mkono wangu kwa VIDOLE VIWILI. Hilo mbona hulisemi?

Wa Naivasha

Majirani poleni, lakini haya mambo ya rali tuachieni sisi, Safari ni yetu. Na mkitaka hasira za kweli njooni Naivasha. Tangu 2021 Safari iliporudi kwa ubingwa wa dunia, ikifika wiki ya rali chumba cha elfu mbili kinaitishwa elfu ishirini. Jumapili jioni foleni ya kurudi Nairobi watu wanazima magari wanachoma nyama barabarani. Mimi nililala kwa gari na mama mkwe. Mama mkwe! Leso ni nini?

404 Milele

Safari ni yenu tangu lini? Ilipoanza mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Dereva Bert Shankland aliishi hapa kwetu, akaichukua 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Mwaka 1963 zilianza gari 84 zikamaliza 7, na ya kwanza ilikuwa 404. Mwaka 1968 zikamaliza 7 tena, ya kwanza 404 tena. Ile ndiyo gari. Wazungu waje na Porsche zao za mamilioni, mimi nampa mtu 404 na jerikeni ya maji, tuonane Cape Town.

Bluebird

404 inapanda mlima huku abiria wanashuka kuisukuma. Nyie watu wa Peugeot mna kelele sana. Edgar Herrmann alishinda 1970 na 1971 kwa Datsun. Shekhar Mehta mara 5 zote kwa Datsun: 1973, kisha 1979 mpaka 1982 mfululizo. Mara 5! Shankland wako ana ngapi?

404 Milele

Datsun inaoza sakafu ukiipaki karibu na bahari. Babu yangu alikuwa nayo, alikuwa anaona lami katikati ya miguu yake.

Wa Naivasha

Mehta ni wetu pia. Asanteni kwa kutuhesabia.

Bluebird

Alizaliwa Uganda huyo, acha kujibebea watu.

Fundi wa Bereko

Wakuu, turudi kwenye leso.

Mlipa Kodi

Mimi hasira zangu ni kwa hayo magari yenyewe. IST yangu nimetozwa ushuru wa uchakavu kwa sababu imezidi miaka 10. Inang'aa, haina mkwaruzo, inaitwa chakavu! Halafu gari ya miaka ya 1930, inavuja oili kila inaposimama, inafika Namanga inagongewa mhuri inapita, na watu wanaipigia makofi. Chakavu ni nani hapo?

Karani Mstaafu

Kijana, zile zinapita kwa kaneti, hati ya forodha ya kupitisha gari kwa muda. Ni dhamana: gari ikiingia lazima itoke, isipotoka dhamana inaliwa na ushuru wote unalipwa. Yako imekuja kukaa. Soma kwanza ndipo ukasirike.

Mlipa Kodi

Nimeshasoma, na bado nimekasirika. Sijawahi kupigiwa makofi mimi.

Wa Naivasha

Nyinyi angalau mnaruhusiwa kulipa. Kwetu ikizidi miaka 8 haiingii kabisa. Nimeikosa Premio safi ya bibi wa Kijapani kwa tofauti ya miezi miwili. Nilikuwa nimeshanunua hadi kava za viti. Kila nikiziona kwa kabati napandwa na presha.

Chuma Chakavu

Kava ni rangi gani? Uza.

Fundi wa Bereko

Jamani. ALIFUTA MARA MBILI.

Kipara Singida

Tumesikia fundi. Mlipa Kodi, IST yako ilikuja na redio? Yangu picha za mtandaoni ilikuwa na redio kubwa ya skrini, imefika na shimo. Waya zinaning'inia. Aliyeichomoa anajijua, na ninaamini anapita humu.

Mlipa Kodi

Redio? Shukuru. Yangu imefika bila jeki, bila spana ya magurudumu, na tairi ya spea imebadilishwa wamenipa kipara kinachotoa waya. Nimegundua usiku, Chalinze, mvua inanyesha.

Dada wa Tegeta

Ya kwangu walichomoa hadi kiberiti cha sigara. Mimi sivuti, lakini kilikuwa changu! Hicho kishimo nakitazama kila nikikaa kwenye foleni.

Wa Naivasha

Dada hicho si cha sigara siku hizi, ni cha kuchaji simu. Wamekuonea sana. Fungua uzi.