Ushauri: kiti cha bizinesi kihesabiwe mara ngapi kwenye ripoti ya hewa ukaa?

Mratibu_Safari
Wakuu, salaam. Mfadhili wetu wa Uingereza anataka ripoti ya hewa ukaa ya safari za kikazi, tena kwa daraja la kiti. Ofisi iko Dar, safari ni za Nairobi, Dubai na London. Wakurugenzi wanakaa bizinesi, wengine ekonomi. Bizinesi niihesabu mara ngapi ya ekonomi? Na tukiifuta kabisa, kuna cha maana kitapungua? Wakala wa tiketi ameniletea Excel yenye kilomita na bei tu.

Mzani
Inategemea ndege, mkuu. Utaratibu wa IATA (umoja wa mashirika ya ndege duniani), RP 1726, kwa ndege za korido mbili unasema ekonomi 1, premium ekonomi (daraja la kati ya ekonomi na bizinesi) 1.5, bizinesi 4, daraja la kwanza 5. Kwa ndege za korido moja, bizinesi ni 1.5 tu. Jedwali la serikali ya Uingereza la kukokotoa hewa ukaa, kwa safari ndefu, linakwenda 1, 1.6, 2.9 na 4. Mfadhili ni Mwingereza, tumia la kwao na usilihame mwakani.

Kinachogawanywa ni nafasi ya sakafu. Chukua Boeing 787-8 ya Air Tanzania, ya korido mbili: viti vya bizinesi 22, ekonomi 240. Kwa uzani wa IATA, 22 × 4 + 240 ni mafungu 328. Tuseme safari imechoma tani 40 za mafuta. Kilo moja ya mafuta hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa, kwa hiyo jumla ni tani 126.4. Wa ekonomi anabeba kama kilo 385, wa bizinesi 1,541. Ukigawa kwa vichwa 262, kila mtu anapata 482, yaani wa nyuma wanambebea wa mbele. (Mzigo wa tumboni mwa ndege nimeuacha ili hesabu iwe fupi. Kwa kawaida fungu lake hutolewa kwanza.)

Hoja_Tu
Hapa naona kiini macho. Kiti kipo na ndege itaruka hata kikiwa tupu. Bosi akihamia nyuma, mafuta ni yale yale.

Mzani
Kwa ndege ya leo usiku uko sahihi, karibu hakuna tofauti. Ila shirika linapanga viti kwa kuangalia wanaolipa. Bizinesi ikikosa wateja, safu zake hupunguzwa na watu wengi zaidi wanaenea kwenye ndege ileile. Kwa hoja yako hata wa ekonomi hana hewa ukaa, maana naye angebaki nyumbani ndege ingeruka.

Korido_Moja
Swali la pili: usifute kila mahali. Dar–Nairobi ni kama kilomita 670, na kwa Embraer 190, ya korido moja, ziada ya bizinesi ni nusu ya kiti cha ekonomi, sawa na kilomita 335. Nairobi–London ni kama 6,840 na ziada, kwa uzani wa IATA, ni viti vitatu: kilomita 20,520. Hata ukikumbuka kwamba safari fupi hula mafuta zaidi kwa kila kilomita, utanuniwa na ofisi nzima kwa faida kiduchu. Bana London. Kanuni iwe ya saa angani, siyo cheo: mchana ekonomi, usiku mrefu premium ekonomi kama shirika linayo.

Wakala akupe kila kipande cha safari peke yake: viwanja, aina ya ndege, na jina la daraja. Herufi za daraja kwenye tiketi pekee zinachanganya. J na C kwa kawaida ni bizinesi, Y ekonomi, lakini nyingine kama P hutofautiana kwa kila shirika. Angalia pia tiketi mchanganyiko, ekonomi hadi Nairobi kisha bizinesi, na za kwenda na kurudi zilizohesabiwa upande mmoja.

Mzani
Nyongeza: namba za jedwali la Uingereza kwa kilomita tayari zina daraja ndani. Ukizidisha tena kwa 2.9 umeharibu. Dar–Nairobi na Dar–Dubai zina mstari wao, wa safari zisizogusa Uingereza. Na kuna namba zenye athari za michirizi ya mawingu inayoachwa na ndege (kizidisho 1.7) na zisizo nazo. Usichanganye.

Mratibu_Safari
Shukrani wakuu. Na aliyepandishwa bure uwanjani?

Korido_Moja
Andika daraja lililonunuliwa, na uiandike kanuni hiyo kwenye ripoti. Aliyejipandisha kwa pointi zilizotokana na safari za ofisi, huyo mwandike bizinesi.