Dokezo la maneno 26 kwa jibu la herufi 5: nimevuka mpaka?

Babu_wa_Chumbageni ameandika:

Wanajukwaa, habari za mchana. Mimi ni mstaafu, niko Tanga. Kazi yangu ilikuwa kupanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha uchapaji, enzi ambazo gazeti lilisomwa kinyumenyume kwanza kabla halijasomwa na mtu yeyote. Siku hizi chama chetu cha wastaafu kina kijarida cha kurasa nane kila mwezi, na ukurasa wa nyuma ni wangu: chemshabongo, mraba wa 13 kwa 13, mlalo na wima.

Toleo lililopita niliweka dokezo hili, 7 wima:

"Nina miguu minne lakini siendi malishoni, nina meno lakini sitafuni majani, bibi hunikalia mgongoni kila nazi inapovunjwa, nawe ukilitaja jina langu mnadani utaonyeshwa mwingine anayelia mee (5)."

Jibu: MBUZI.

Nililipenda. Nilikaa nalo siku mbili. Basi kijarida kikatoka, kijana wa kompyuta akawa amebana herufi za dokezo hilo mpaka zikawa kama mayai ya chawa, maana vinginevyo lisingeenea. Mwenzangu mmoja, mhasibu wa zamani, mtu wa kuhesabu kila kitu, akanisimamisha nje ya msikiti: "Nimehesabu. Maneno 26 kwa herufi 5. Hilo si dokezo, ni insha. Na ukishafika kwenye 'mee' hakuna fumbo tena, umetoa jibu kwa mkono wako mwenyewe."

Nimechukia, lakini usiku nikajiuliza: je, ana haki? Kuna kanuni ya urefu wa dokezo? Wenzetu wanaotunga haya mambo magazetini huko nje wanakwendaje? Naomba mnijuze, na msinionee haya kwa sababu ya mvi.

---

KondaMstaafu amejibu:

Shikamoo Babu. Mimi kwenye neno la saba nilishashuka kituoni.

---

MwalimuWaKisauni amejibu:

Mzee wetu, shikamoo. Nitasema kweli na unisamehe: mwenzio ana haki nusu.

Sisi watu wa kitendawili tumerithi ufupi. "Kuku wangu katagia miibani." Maneno manne, na nanasi lote limo, na miba yake. "Nyumba yangu haina mlango." Manne tena, na yai limekamilika. Angelikuja mtu akaongeza kwamba nyumba hiyo ni nyeupe, ya duara, ndani ina maji ya manjano na asubuhi hukaangwa, tungelimwambia anyamaze watoto walale.

Hata hao waliotuletea mraba walianza kwa ufupi. Mraba wa kwanza ulitoka kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, umetungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Ulikuwa na umbo la almasi, hauna kisanduku cheusi hata kimoja ndani. Madokezo yake mengi ni kama ya kamusi, maneno mawili, matatu, manne. Moja lilikuwa linauliza fumbo lenyewe hili likoje, na jibu lilikuwa neno la Kiingereza la herufi nne lenye maana ya gumu. Bahati nzuri GUMU nalo lina herufi nne, kwa hiyo waweza kuliiba hivyo hivyo: "Fumbo hili lilivyo (4)."

Tatizo la mbuzi wako si kwamba ni mrefu. Umemweleza mara nne. Miguu, meno, bibi, mnada. Msomaji akipata moja tu kati ya hayo, matatu yaliyobaki ni mzigo. Mimi ningeliacha: "Bibi hunikalia, wala silii mee (5)."

---

Ukhti_Leicester amejibu:

Shikamoo Babu, shikamoo Mwalimu. Mimi ni wa Unguja ila niko Leicester mwaka wa kumi na mbili sasa, nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Kuna mzee mmoja pale hawezi kulala mpaka amalize mraba wa gazeti la The Guardian, na kwa vile macho yamechoka, mimi ndiye msomaji na mwandishi wake. Nimejifunza kwa kulazimika.

Mwalimu amesema la kweli kuhusu madokezo ya kamusi. Lakini huku kuna aina nyingine kabisa, ambayo dokezo lina mambo mawili ndani yake: upande mmoja maana ya jibu, upande wa pili ufundi wa kulijenga kwa herufi. Nawapa mfano wa Kiswahili niliotunga kwenye basi:

"Samaki wakivurugwa, mvua inanyesha Machi mpaka Mei (6)."

Chukua S-A-M-A-K-I, vuruga: MASIKA. "Wakivurugwa" ndilo neno linalokupa amri. Hakuna neno la bure hapo.

Sasa kuhusu urefu. Kulikuwa na mtungaji wa The Guardian akijiita Araucaria, jina la mti ambao Waingereza wanauita fumbo la nyani. Jina lake halisi John Graham, kasisi. Dokezo lake moja la Krismasi mzee wangu analijua kwa moyo kama watu wanavyojua dua. Naliandika kama lilivyo, maana likifasiriwa linakufa:

"O hark the herald angels sing the boy's descent which lifted up the world (5, 9, 7, 5, 6, 2, 5, 3, 6, 2, 3, 6)"

Maneno 14, yanasema sikia malaika wakiimba kushuka kwa mtoto kulikouinua ulimwengu. Jibu lina maneno 12, mistari miwili ya mwanzo ya wimbo wa zamani wa Krismasi: "While shepherds watched their flocks by night, all seated on the ground". Wachungaji wamekaa chini usiku wakilinda kondoo.

Babu, hesabu herufi. Dokezo lina 59. Jibu lina 59. Ni herufi zile zile! Mimi sikuamini. Nilichukua karatasi ya chati ya dawa (ya nyuma, tupu, msinishtaki), nikaandika sentensi zote mbili nikawa nafuta moja huku moja kule. Nilimaliza saa kumi alfajiri, hakuna iliyobaki. Na bado inazungumzia Krismasi pande zote mbili.

Hilo ni refu, lakini ukiondoa "the" moja tu linavunjika. Wa kwako, Babu, nikiondoa mnada mbuzi bado anasimama.

Upande wa pili kuna hili, nalo ni maarufu sana huku: "Gegs (9, 4)". Basi. Herufi nne. Ni neno "eggs" limevurugwa, kwa hiyo jibu ni "scrambled eggs". Mtungaji huyo Araucaria, Januari 2013, aliwatangazia wasomaji kwamba ana saratani kupitia mraba wake mwenyewe. Juu ya mraba aliandika tu kwamba ana 18 wima ya 19, inayotibiwa kwa 13 15. Ukijaza ndipo unapojua: saratani, umio, huduma ya kupunguza maumivu. Alifariki Novemba mwaka huo huo akiwa na miaka 92. Mzee wangu akifika hapo kwenye hadithi hunyamaza, nami humwekea chai.

---

KondaMstaafu amejibu:

Nimeelewa mchezo. Hili langu:

"Yamai (5, 2, 8)"

---

Ukhti_Leicester amejibu:

MAYAI YA KUVURUGA 😂 Konda, umeshuka kituoni ukapanda gari la mbele.

---

MwalimuWaKisauni amejibu:

Haya, nimeshawishika, na nimetunga moja la kuficha. Jibu limekaa wazi, halijavurugwa:

"Kilichomo ndani ya kikombe cha Issa (4)."

---

Babu_wa_Chumbageni amejibu:

CHAI. Iko kwenye "CHA Issa", na I ya Issa. Mwalimu, Mungu akuweke. Nimemsomea mke wangu, kasema Issa gani.

Binti yangu wa Leicester, umenitia homa. Wiki nzima sijafanya kitu. Nimekusanya vizibo vya soda kwenye duka la jirani, nikaandika herufi kwa wino wa kudumu, nikavimwaga mkekani kama zamani kwenye meza ya kazi. Wa kwanza kuja ni huu, na nautoa kwa heshima ya mji wangu:

"Ngata ikifumuliwa, jahazi halisogei bila hilo (5)."

Ni TANGA. Herufi zile zile za ngata, ile tunayoviringa kichwani tukibeba mtungi. Miaka yote nimeishi hapa sijawahi kuona kwamba mji wangu umo kwenye ngata.

Kisha nikataka kikubwa. Nikachukua "Haba na haba hujaza kibaba". Herufi 22, na katika hizo A ni tisa! Hapo nikakumbuka kazini. Masanduku ya herufi yaliletwa yamegawanywa kwa hesabu ya Kiingereza, E zimejaa tele, na sisi tukipanga Kiswahili A zinakwisha kabla ukurasa haujafika nusu. Tulikuwa tunafungua kurasa za jana kutafuta A kama mtu anayetafuta chumvi kwa majirani. Sasa nilikuwa na A tisa za vizibo na sijui pa kuzipeleka.

Siku ya tatu mjukuu akaondoka na Z. Nikatumia N, nimeilaza ubavu. Siku ya tano, baada ya alasiri, ikatoka:

"'Baba, hakuna haja, ziba haba' imemwagika chini: iokote punje kwa punje mpaka chombo kijae (4, 2, 4, 6, 6)."

Hesabuni wenyewe. H tatu, B nne, A tisa, na K, U, N, J, Z, I moja moja. Maneno 14. Naomba mnikosoe kabla sijakipeleka kwa kijana wa kompyuta.

---

Ukhti_Leicester amejibu:

Babu!! Nimehesabu mara mbili. Zinatimia. Na "imemwagika" ndiyo amri ya kuvuruga, na kuokota punje kwa punje ndiyo maana ya methali yenyewe. Sina la kuongeza isipokuwa moja la kiufundi. Mraba wako ni 13, na herufi 22 hazikai mstari mmoja. Huku wanaigawa: lile la wachungaji lisingeingia kwenye mraba wa 15 kwa namna nyingine, kwa hiyo jibu linatawanywa sehemu nyingi za mraba na dokezo linataja namba zote. Weka HABANAHABA pamoja, ni kumi, zilizobaki ni sita na sita.

---

MwalimuWaKisauni amejibu:

Mzee wetu, kazi nzuri mno, ila kuna doa. Neno "haba" liko kwenye dokezo na liko kwenye jibu, zima zima, halijaguswa. Mwenzio mhasibu ataliona kabla hajavaa miwani. Ukivuruga, vuruga kila kitu.

Nimekaa na karatasi toka magharibi. Ondoa "ziba haba", weka "zaba hiba". Herufi ni zile zile nane.

"'Baba, hakuna haja, zaba hiba' imemwagika chini..."

---

KondaMstaafu amejibu:

Mwalimu samahani, kuzaba hiba ndiyo nini? Mtu kapewa zawadi halafu anaipiga kibao?

---

MwalimuWaKisauni amejibu:

Konda, kwenye mraba sentensi ikiwa na kiwazimu kidogo hiyo ni ishara kwa msomaji kwamba aziangalie herufi, asiangalie habari. Lakini nakubali, ya Babu ilikuwa na utu zaidi. Baba anaambiwa azibe kidogo tu, hakuna haja ya zaidi. Naona hata tundu la paa.

---

Babu_wa_Chumbageni amejibu:

Nimelala nalo. Nimechukua la Mwalimu, kwa shingo upande. Tundu la paa nami nililiona, na nililipenda, lakini "haba" kubaki pale bila kuguswa kungeniwasha kila nikiutazama ukurasa. Mpanga herufi akiacha kosa analolijua, hali chakula vizuri.

HABANAHABA nimeiweka 1 mlalo, HUJAZA 9 mlalo, KIBABA 4 wima. Mbuzi nimemrudisha pia kwenye safu ya masahihisho, kwa maneno matano ya Mwalimu, nikaandika chini: "kwa kumridhisha mhasibu."

---

Babu_wa_Chumbageni ameongeza, siku sita baadaye:

Kijarida kimetoka jana mchana. Saa tatu usiku simu ikalia. Mhasibu. Hakusalimu. Akasema, "Tisa. A ni tisa," akakata.