Tukitajiana riwaya za kihistoria tunazosoma, acheni kujibu kwa kuomba PDF

Ndugu wanajamvi, amani iwe kwenu.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kwa muda mrefu sasa, kila mmoja wetu anapotaja riwaya ya kihistoria anayoisoma, iwe katika kikundi cha WhatsApp au tunapokutana ana kwa ana, haulizwi habari za wahusika, wala za zama zinazosimuliwa, wala hata kama kitabu chenyewe kinasomeka. Jibu la kwanza ni "nitumie PDF, mkuu". Wa pili anafuata na "na mimi pia", wa tatu anaacha barua pepe yake, wa nne anaweka namba ya simu, na mazungumzo yanafia hapo hapo. Tunajiita wapenzi wa vitabu, lakini kitabu chenyewe hatukizungumzii.

Hivi karibuni niliwaandikia wenzangu kwamba ninasoma Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na mwaka huo huo ikafika kwenye orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker, lakini msomaji wa Kiswahili alingojea hadi mwandishi huyo, mzaliwa wa Zanzibar, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ndipo akaipata katika lugha ya watu wanaosimuliwa humo. Nilieleza jinsi Yusuf, mtoto wa miaka 12, anavyochukuliwa na Aziz, tajiri ambaye mtoto huyo anamdhania kuwa ndugu wa familia, kumbe baba yake amemweka rehani kwa sababu ya deni. Nilieleza msafara unaotoka pwani kwenda bara, wapagazi na mizigo yao, hongo wanazodai wakuu wa huko njiani, na Wajerumani wanaozidi kusogea huku wafanyabiashara wakiendelea kupiga hesabu za faida. Kisha nikauliza swali moja: je, mwandishi amemtendea Yusuf haki kwa kumfanya awe mkimya kiasi kile, au ukimya huo ndio njia pekee ya kweli ya kumsimulia mtoto asiyejimiliki? Nilitaka tubishane, na nilikuwa nimejiandaa kukosolewa. Majibu yote niliyopata yalikuwa maombi ya faili.

Tena kitabu hicho si cha kutafutwa kwa tochi. Mchapishaji wake yuko Dar es Salaam, na duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) lipo Mtaa wa Samora, katikati ya jiji, ambako baadhi ya waliokiomba wanapita wakienda kazini. Mtu huyo huyo ananunua bando la intaneti kila wiki bila kunung'unika, kisha anasema vitabu ni ghali.

Naomba niwaeleze mafaili hayo yakoje, kwa sababu nimewahi kuletewa moja bila kuliomba. Lilikuwa la Kuli, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mara ya kwanza na Tanzania Publishing House mwaka 1979. Kitabu kilikuwa kimelazwa juu ya godoro na kupigwa picha kwa simu, kurasa mbili mbili. Kidole gumba cha mpigaji kimefunika mianzo ya mistari ya chini, kivuli cha mkono kimekatiza aya nzima, na pale kitabu kilipokataa kufunguka vizuri, maneno ya katikati yamezama kwenye mshono, hata inabidi msomaji akisie kitenzi. Kurasa fulani zimewekwa mara mbili, nyingine hazimo kabisa. Faili la namna hiyo ndilo linalozungushwa kutoka kikundi hadi kikundi kwa maneno ya shukrani, kana kwamba aliyelitengeneza ameifadhili fasihi ya Kiswahili.

Sasa sikilizeni matokeo yake. Katika kikao cha wasomaji nilichohudhuria, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba mwandishi wa Kuli hajui kumaliza kisa, kwamba masimulizi yanakatika ghafla na kumwacha msomaji hewani, na wengine wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Hakuna aliyemuuliza amesoma nakala gani. Nilipomwomba anionyeshe, nikalilinganisha faili lake na kitabu changu, nikakuta kwamba kilichokatika ni faili. Kurasa za mwishoni hazikuwamo. Msanii aliyeifanya kazi yake mpaka mwisho alihukumiwa mbele za watu kwa kosa la mtu aliyechoka kupiga picha.

Kwa riwaya ya kihistoria hasara hiyo ni kubwa zaidi, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kuli inamfuata Rashidi, kijana anayeingia kazi ya ukuli bandarini Unguja kama baba yake, na polepole inamfikisha kwenye mgomo. Mgomo huo haukubuniwa. Mwaka 1948 makuli wa bandari ya Zanzibar waligoma, na mgomo ukaenea mjini hadi ukawa wa wafanyakazi kwa jumla. Riwaya inakipeleka kisa chake huko tangu mwanzo: kila gunia linalobebwa, kila tusi la msimamizi, kila siku ambayo mtu anakosa kibarua na kurudi nyumbani mikono mitupu, yote yanajenga ile siku ambayo watu watakataa. Ukizitoa kurasa za mgomo, kinachobaki ni hadithi ya kijana maskini aliyeonewa, na hadithi kama hiyo unaweza kuipata popote. Kwa hiyo mtu aliyesoma lile faili, kwa maoni yangu, hajaisoma Kuli hata kama amepitisha macho kwenye sehemu kubwa ya maneno yake.

Anayependa riwaya za namna hii anapenda mambo madogo madogo: watu walivaa nini, walipanda nini, walikula nini, waliogopa nani, walisema nini mbele ya mkubwa na nini walipofika barazani. Nilipoisoma Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi huyo huyo iliyotoka mwaka 1999, kilichonishika si siasa za Denge, mpinga ukoloni, pekee, ingawa siasa hizo ndizo zinazotajwa zaidi. Nilishikwa na jinsi Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mzee mwenye duka, anavyolazimika kujifunza Zanzibar ya miaka ya 1950 mtaa kwa mtaa baada ya kuikimbia ndoa hiyo: nani atampokea, nani atamfungia mlango, na jamaa zake wa Kihindi watamtazamaje akikaa na Waswahili. Utawala wa kikoloni uliopanga watu kwa asili zao unaonekana pale mlangoni, bila mwandishi kutoa hotuba. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitolea filamu, na watu wengi wakaanza kuitaja riwaya hiyo kwa jina. Nilifurahi sana, nikadhani sasa tutaizungumza. Kilichoongezeka ni maombi ya PDF, na watu wanaojibu maswali kwa kunakili miongozo ya mitihani ya shule, ambayo hata sitaki kuijadili hapa.

Kinachonikera zaidi ni kutofikiri kwetu juu ya gharama ya kuandika vitabu hivi. Adam Shafi ni miongoni mwa waliokamatwa na kuwekwa kizuizini baada ya Rais Abeid Amani Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, na Haini, riwaya yake inayowaingiza wasomaji katika magereza na mahojiano ya wakati ule, ilichapishwa mwaka 2003, zaidi ya miaka 30 baadaye. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, kisa cha Myombekere na Bugonoka na kizazi chao, kikiwa na maisha ya Wakerewe wa kabla ya ukoloni, kuanzia posa na utasa hadi uvuvi, kilimo na dawa za miti. Hakupata mchapishaji. Ilimbidi akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, yeye akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Mwaka uliofuata alifariki. Mtu alisubiri miaka 35 kazi yake itoke kama kitabu, halafu sisi hatuwezi kusubiri mwisho wa mwezi tupate mshahara tukinunue.

Kuna mwenzetu aliyenijibu kwamba Kitereza ameshakufa na hivyo kazi yake ni ya wote. Si kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi katika uhai wa mwandishi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inatoa muda kama huo. Kwa mtu aliyefariki 1981, hesabu hiyo inavuka hata mwaka 2030. Gurnah na wafasiri wake sina haja hata ya kuwataja. Mrabaha wa mwandishi kwa kawaida huzungukia asilimia 10 ya bei ya kitabu; fedha hiyo ni ndogo, na ndiyo tunayomnyima. Mchapishaji naye akiona toleo la kwanza linalala ghalani huku watu wakijisifu kwamba wamelisoma, hatachapa la pili, wala hatampokea kijana mwingine anayekuja na muswada kuhusu vita vya Maji Maji au reli ya Uganda. Atarudi kwenye vitabu vya kiada, ambavyo vina soko la shule. Kisha sisi tutakaa tukilalamika kwamba Kiswahili hakina riwaya mpya za kihistoria na kwamba inatubidi kusoma habari za wafalme wa Uingereza.

Sisemi kwamba wachapishaji hawana lawama. Wapo wenye haki ya kulalamika: mtu aliye Muscat au Toronto ambaye gharama ya posta inazidi bei ya kitabu, mwalimu wa wilayani ambaye duka la karibu linauza madaftari na kalamu tu, na yeyote anayetafuta kitabu cha miaka ya 1970 ambacho hakijaonekana madukani tangu Tanzania Publishing House ilipodhoofika. Vitabu hivi vingepaswa kuuzwa kwa simu, kwa bei ya kueleweka, katika toleo la kielektroniki lililopangwa vizuri na mchapishaji mwenyewe, na wachapishaji wanaochelewa kufanya hivyo wanawaachia nafasi hao wa picha za godoroni. Hilo nalisema bila kuwaonea haya. Lakini malalamiko ya mtu wa Toronto hayampi ruhusa mtu wa Kariakoo. Kwa kitabu ambacho kweli hakiuzwi tena, bado kuna kuazimana, kuna Maktaba Kuu ya Taifa pale Upanga, kuna maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na hazina yake ya maandishi ya Afrika Mashariki, na kuna wauzaji wa vitabu vya mitumba ambao ukiwaachia jina la kitabu wanakutafutia.

Kwa hiyo ninadai mambo yafuatayo, na ninayadai kwa kila mtu atakayechangia hapa. Anayetaja riwaya ataje pia mchapishaji na mahali alipoipata, ili mwingine naye akaipate. Aseme amefika wapi na kipi kinamsumbua au kumfurahisha, ili tuwe na la kujadili. Anayelaumu mwisho wa kitabu aseme kwanza amesoma nakala gani. Anayeomba faili la kazi inayouzwa asijibiwe na mtu yeyote, na anayelibandika aombwe aliondoe; akikataa, wasimamizi walifute.

Nami naanza. Peponi nimeielezea hapo juu, na swali langu kuhusu ukimya wa Yusuf bado halijajibiwa. Baada yake narudia Haini, kwa sababu nataka kuangalia jinsi Shafi anavyosimulia mahojiano, hasa pale mfungwa anapolazimishwa kukiri mambo ambayo wanaomhoji wenyewe ndio waliomtajia. Nakala yangu ya Kuli ni kamili, kurasa zake za mwisho zimo, na nipo tayari kumwazima mtu yeyote wa Dar es Salaam atakayeahidi kuirudisha, nikianza na yule mwenzetu aliyedhani kisa kinakatikia hewani. Ninatafuta kununua, au kuazima kwa mwezi mmoja, Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya nyingine ya Shafi, katika toleo lolote. Aliye nayo aniandikie, na kila anayepita hapa aseme anasoma nini.