Termosi ya chakula, vibakuli, au kantini ya shule? (Bukavu)

MamaMapacha_Nguba
Jambo wote. Masomo yanaanza Jumatatu na kichwa kinaniuma juu ya gute, chakula cha kula shuleni, ya watoto. Soko la Nyawera nimeona termosi ya chakula yenye mdomo mpana, mwenye kuuzisha amekomea dola 12. Palepale kuna vibakuli vya plastiki vya kufunga, viwili dola 3. Shule nayo inasema ina kantini, unalipa trimestri nzima mara moja. Nataka chakula chenye afya kisichonichelewesha asubuhi. Kesho nashuka sokoni, mnisaidie kuchagua.

PapaBagira
Mama, hata fundi wa nguo anapima kwanza. Watoto wana miaka mingapi? Wanatoka nyumbani saa ngapi na wanabaki hadi saa ngapi?

YayaFuraha
Na nani anawasha mbabula, jiko la makaa? Umeme ukikatika usiku kucha, hiyo termosi itabeba nini?
Mimi mkate mweupe na chai ya sukari nilishaachana navyo, saa nne mtoto ana njaa tena. Jioni nachemsha viazi vitamu, vile vya rangi ya chungwa ndani, vina vitamini A. Asubuhi naongeza nusu ya avoka na ganda lake, anachota kwa kijiko. Nyama ya juu napaka limau isigeuke nyeusi. Dakika tano nimemaliza.

MwalimuKadutu
Mimi nawaona saa ya mapumziko. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kufungua termosi, ananiletea mimi. Siku moja nilifungua saba, chai yangu ikapoa. Halafu anakula vijiko vitatu, kengele inalia. Wadogo wapeni kitu cha kushika mkononi. Na karanga nzima msiwape wale wa chini ya miaka mitano, zinakaba koo, zisageni. Zenye ukungu tupeni kabisa, kukaanga hakumalizi sumu ya ukungu.

MamaPanzi
Ngojeni niwaambie yaliyonipata. Mwaka jana nilinunua termosi, nyekundu, nikajiona nimepona. Usiku nikapika maharage mengi, yakalala kwenye sufuria, frigo sina. Asubuhi makaa yalikuwa mabichi, mvua iliingia kwenye gunia, moto ukawa moshi mtupu. Maharage yakapata uvuguvugu tu, nikayatia hivyohivyo nikafunga. Saa nne mtoto alipofungua, anasema yalikuwa na mapovu. Akala. Na kwa kuwa nimemfundisha asile peke yake, nusu akampa mwenzake wa benchi.
Jioni wangu yuko chooni mara ya nne. Saa mbili usiku, hodi! Mama wa yule mwingine, kitenge begani, hakukaa, hata maji hakukubali. Aliuliza neno moja: "Ulimpa mtoto wangu nini?" Nilikosa jibu. Watoto walipona, Mungu ashukuriwe, lakini yule mama hadi leo tukikutana pale Essence anavuka barabara. Ile termosi sasa naweka chumvi.

MwalimuKadutu
Pole sana mama. Lakini kosa si la termosi. Termosi haipashi, inatunza tu joto ulilolitia. Ijaze kwanza maji yanayochemka, funga dakika tano, mwaga, ndipo utie chakula kinachotokota. OMS, shirika la afya duniani, inasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, na cha moto kibaki juu ya digrii 60.

MamaPanzi
Kumbe mlikuwa mnayajua yote haya mkaninyamazia!

PapaBagira
Nashangaa hakuna aliyetaja sambaza, vile visamaki vidogo vya Ziwa Kivu. Kaanga zikauke kabisa: hazimwagiki kwenye kaye (daftari), mtoto anatafuna na mifupa, ndiyo kalsiamu hiyo. Samaki wetu wa asili, Mungu alituwekea ziwani.

KatangaDamu
Wa asili wapi, papa? Walitolewa Ziwa Tanganyika wakamwagwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndugu zao walipelekwa Ziwa Kariba miaka ya 1960, ndiyo kapenta tunayoijua huku Lubumbashi. Na kapenta bila bukari (ugali) ni kupoteza wakati.

PapaBagira
Miaka zaidi ya sitini ziwani na bado unamdai sambaza kadi ya mpiga kura?

YayaFuraha
Jamani, mama aliuliza juu ya termosi.

MamaMapacha_Nguba
Samahani, nilikuwa njiani. Mapacha wana miaka sita, wanamaliza saa sita na nusu. Mkubwa ana kumi na moja, yuko darasa la sita, anabaki hadi saa tisa kujitayarisha kwa mtihani. Wote wanatoka saa kumi na mbili na nusu. Mdogo wangu ndiye anapika. Nilisahau: pacha mmoja hali yai, linamvimbisha midomo.

PapaBagira
Hilo la yai ndilo ungeanza nalo! Mimi nilikuwa tayari nakuandikia habari za omeleti.

MwalimuKadutu
Umwambie madamu wa darasa kabla ya Jumatatu, maana watoto wanabadilishana chakula, MamaPanzi ni shahidi. Mimi ningenunua termosi moja ya mkubwa, na vibakuli kwa mapacha. Kantini, nenda kwanza uone wapishi wananawa wapi mikono, ndipo utoe hela.

YayaFuraha
Mkubwa atiliwe uji mzito wa masoso. Mahindi, mtama na soya, atafika saa tisa bila kusinzia.

MamaPanzi
Mapacha wataona ya kaka yao wataanza kulia, utanikumbuka. Kama bado unataka, yangu nakuachia kwa dola 5. Imebeba maharage mara moja tu.

MamaMapacha_Nguba
Mpira wa kifuniko upo?

MamaPanzi
Mpira mtoto aliufanya bangili. Nitautafuta.

KatangaDamu
Samahani kuwakatiza. Kuna mtu anasafiri kuja Lubumbashi wiki hii? Naomba kilo mbili za sambaza kavu.

PapaBagira
Wale wageni?